Elimu Isiyorudi Ilembo

Nina shtaka la kuleta mbele ya wasomaji wa jarida hili, na kwa kuwa ni adabu ya mashtaka kumtaja mshtakiwa mapema, naanza kwa kujitaja mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu, na nina shahada ya uzamivu. Shahada hiyo niliipata kwa maneno ya watu wa Ilembo. Watu wa Ilembo hawakupata kitu.

Ilembo ni kata katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, magharibi ya Tanzania. Sitaki kuisifu wala kuisikitikia. Ni mahali pa watu wanaolima na kuuza, wanaojenga kwa matofali ya kuchoma, na wanaosubiri mvua ya Novemba kama wasubirivyo watu wote wa nchi ya miyombo. Wakati wa likizo ndefu nilirudi huko kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, nia yangu ikiwa ni kuwaamkia wazee walionisaidia zamani. Katika nyumba ya bibi mmoja nilipokewa kwa uji na karanga, na baada ya kuulizana habari za afya na za misiba, bibi akaingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni uliopigwa fundo. Ndani yake mlikuwa na karatasi saba. Alinipa nizisome mimi, kwa kuwa, alisema, macho yake yamekwisha.

Zote saba zilikuwa karatasi za ridhaa. Kwa msomaji asiyezijua nitaeleza kwamba siku hizi mchunguzi haruhusiwi kumhoji mtu pasipo kumpa kwanza karatasi inayomwarifu ni nini kinachochunguzwa na kwa faida gani, na kumwomba atie sahihi au dole gumba. Nakala moja huchukuliwa na mchunguzi, nyingine hubaki kwa mwenyeji. Moja ya karatasi za bibi ilihusu maji. Moja ilihusu uzazi wa wasichana. Moja ilihusu nyuki na misitu, mbili zilihusu kilimo, na moja sikuweza kujua ilihusu nini ingawa niliisoma mara mbili. Ya saba ilihusu matumizi ya Kiswahili miongoni mwa wenyeji na wahamiaji wa Mpanda, na chini yake palikuwa na sahihi yangu.

Kila karatasi ilikuwa na ahadi kwamba matokeo yatafikishwa kwa wananchi. Bibi alikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, majibu yako wapi?" Alidhani, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwamba mtu anayekuja na maswali ana siku yake ya kurudi na majibu. Nilimjibu kwamba majibu yamo katika maktaba ya chuo. Akauliza maktaba hiyo iko wapi. Nikamwambia. Akacheka, kwa adabu, kama wazee wanavyomcheka mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila chumvi na bila fedha.

Nilipokuwa nimekaa pale nilitambua jambo ambalo naona haya kwamba sikulitambua mapema. Karatasi zile ziliandikwa kwa Kiswahili, na nyingine kwa Kiswahili kizuri sana. Katika rundo zima la maandishi yaliyozaliwa na uchunguzi wa Ilembo, karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya Ilembo ni ile ya kuomba. Twaomba kwa Kiswahili. Tukisha kupewa, twabadili lugha.

Mtu ataniambia kwamba mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili, bila shaka niliandika kwa Kiswahili. Naam, niliandika kwa Kiswahili. Lakini kilikuwa ni Kiswahili cha kuwaridhisha watahini watatu na kumtisha wa nne. Palipotosha neno moja niliweka matatu, na palipotosha kusema kwamba watu huchanganya lugha sokoni niliandika ukurasa mzima ambao mimi mwenyewe leo nausoma kwa kupumzika njiani. Kwa hiyo shtaka langu si la Kiingereza peke yake.

Wako wanaosema kwamba umbali baina ya elimu na maisha ni tabia ya elimu yenyewe, na kwamba hapana wa kulaumiwa. Historia ya Mpanda yakanusha. Katika miaka ya 1930 na 1940 wataalamu wa miamba walichunguza madini ya risasi ya huko. Uchunguzi wao haukulala kabatini. Kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ilichimba mgodi, na serikali ya kikoloni ikatandika reli ya kadiri ya kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, katikati ya pori la mbung'o, ikafunguliwa mwaka 1950. Miaka kumi baadaye, mwaka 1960, mgodi ulifungwa. Fikiri, msomaji: kilomita 210 za chuma kwa ajili ya matokeo ya uchunguzi mmoja! Uchunguzi ukihusu kitu cha kuchukuliwa, basi safari ya kutoka karatasini hadi kazini huwa fupi, hata kama njia yake haijakuwapo.

Na karibu na Kaliua, inakoanzia reli hiyo, upo mfano wa pili ulio kinyume cha huo. Ni Urambo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa majuma tisa hivi, ukashauri ekari 3,210,000 zilimwe karanga. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikafika Urambo na Nachingwea, na mwaka 1951 ikaachwa, ikiwa imemeza kiasi cha paundi milioni 36. Wenyeji wa Kongwa waliijua mvua yao na udongo wao. Kwa bahati mbaya hawakuwa wataalamu.

Tulipopata uhuru na vyuo vyetu wenyewe tulikuwa na haki ya kutazamia mambo yageuke. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki mwaka 1961, na mwaka 1967 kikaunda idara maalumu ya kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi. Wala Mpanda haikukosa wageni wenye madaftari. Tangu miaka ya 1960 wanachuoni wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifika katika nchi ya Watongwe, kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, kwanza kwa ajili ya sokwe, na baadaye Makoto Kakeya akaeleza kwa uangalifu mkubwa jinsi Watongwe wanavyolima, wanavyovua na wanavyowinda. Mwaka 2006 Yuko Abe alitoa msamiati wa lugha ya Kibende, ukapigwa chapa Tokyo. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa kitabu cha Liisa Malkki juu ya wakimbizi wa Burundi waliokaa Mishamo, kitabu ambacho kimesomeshwa katika vyuo vingi vya dunia. Wakimbizi hao, na wenzao wa Katumba na Ulyankulu, kwa sehemu kubwa ni raia wa Tanzania sasa. Wapatao 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010.

Sina ugomvi na kitabu hata kimoja cha hivyo. Napenda visomwe na vizidi. Lakini nikivitazama pamoja naona kwamba makao yao ni Kyoto, Tokyo na Chicago, na kwamba mjukuu wa Mbende wa Mpanda akitaka kuyajua maneno ya babu yake, njia ya kuyafikia yapita Japani. Wageni walifanya kazi yao. Mimi nauliza juu ya kazi yetu sisi, tuliokaa njiani kati ya vitabu hivyo na wenyewe.

Tena liko suala la nini kichunguzwe. Hapa ndipo nyama ya maneno yangu ilipo, na naomba nivumiliwe nikikawia.

Mto Katuma hutoka katika milima ya magharibi ya mkoa, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na humwaga maji yake upande wa Ziwa Rukwa. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974 na kuongezwa mwaka 1998. Wakati wa kiangazi maji ya mto hupungua sana hata viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi ya matope, na picha zao zimekwenda duniani kote. Wachunguzi wameeleza sababu: maji huzuiwa na kugeuzwa njia na wakulima walio juu ya mto, na misitu ya chanzo hufyekwa. Nakubali kwamba ni kweli. Lakini tazama mpangilio wa uchunguzi huo. Huanza na kiboko na huishia kwa kiboko, na mkulima huingia katikati kama mkosaji. Hapana anayeanza na mkulima mwenyewe: ametoka wapi, amekimbia ukame gani au msongamano gani, nani alimpa shamba, mpunga wake huuzwa kwa nani, na angefanya nini kama angelikuwa na bwawa la halali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 1,152,958. Mkoa ulioongezeka mara mbili katika muda wa miaka kumi una maswali elfu ya kuulizwa, juu ya ardhi, maji, shule, kuni, ndoa na lugha. Ni mengi mno kuachiwa kiboko ayaulize.

Au chukua habari ya wasichana. Uchunguzi wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchi nzima: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 27. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 34 kwa Katavi na 22 kwa nchi. Nambari hii ya 45 ilisafiri sana. Nimeisikia ikitajwa katika mikutano ya mahoteli, imechorwa kwa rangi nyekundu juu ya ramani. Huko Ilembo imefika kwa njia ya redio, na imefika kama tusi. Mama mmoja aliniambia kwamba binti yake aliona haya kusema ametoka Mpanda alipokwenda kusoma mkoa mwingine. Mama huyo hakupinga hesabu. Alisema tu kwamba waliokuja kuhesabu hawakukaa hata kusikia kwa nini, na kwamba yeye angeweza kuwaeleza kwa nini kwa muda wa kikombe kimoja cha chai: shule ya sekondari iko umbali gani, mtoto hupanga chumba na nani, jioni hula nini, na nani humnunulia. Sidai kwamba maelezo ya chai hutosha kuwa elimu. Nadai kwamba elimu isiyopitia huko imepungukiwa, na kwamba nambari iliyotolewa kwa watu pasipo kurudishiwa watu huwa fedheha badala ya kuwa silaha.

Haki yanilazimisha nitaje mfano mwema, usije ukadhaniwa kwamba naona giza tupu. Katika mkoa huo huo, upande wa Mpimbwe, uchunguzi juu ya kuuawa kwa simba ulizaa mradi wa Watu, Simba na Mazingira. Wachunguzi waligundua kwamba vijana wengine wa Kisukuma waliwaua simba kwa ajili ya ngoma na zawadi apewazo muuaji, hata pale simba alipokuwa hakumdhuru mtu wala ng'ombe. Wangeweza kuandika hivyo na kwenda zao. Badala yake walikaa na wazee wa Kisukuma wenyewe, jambo likajadiliwa kwa lugha yao na katika mabaraza yao, na wazee wakawa upande wa kuizuia desturi ile. Kazi hiyo iliwezekana. Iliwezekana Katavi, na si katika nchi ya mbali yenye fedha nyingi. Mtu asiniambie basi kwamba nadai miujiza.

Sasa nizijibu hoja nizisikiazo kila ninapolitaja jambo hili mbele ya wenzangu.

Ya kwanza husema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya elimu duniani, na mwanachuoni asiyeandika kwa lugha hiyo hujizika. Sitaki mtu ajizike. Mchunguzi na aandike kwa Kiingereza, asomwe kila pembe. Ninachomwomba ni kurasa ishirini za Kiswahili kwa watu waliompa yeye kurasa mia tatu. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Kwa hiyo mtu wa Mpanda akishtakiwa kwa kuiba kuku, ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha aijuayo. Akiandikwa katika tasnifu kwamba yeye ndiye anayekausha mto, haki hiyo hana. Wala hajui kwamba amehukumiwa.

Hoja ya pili ni mbaya zaidi, na huisikia kwa watu wenye heshima, tena wengine ni watoto wa wakulima kama mimi. Husema kwamba watu wa vijijini hawataelewa. Ajabu ya hoja hii ni kwamba watu hao hao walielewa maswali. Tuliwaamini kuwa mashahidi. Twawakataa kuwa wasomaji. Na nchi hii imekwisha kuijibu hoja hiyo kwa vitendo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilisema, vijitabu vya Kiswahili chepesi vikagawanywa, na watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi wakisikiliza, wakisoma na kujadili malaria, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Kisha wakainuka wakachimba vyoo. Wengi wao walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wachunguzi wa Tanzania na wa Finland, miongoni mwao Marja-Liisa Swantz, walifanya kazi ya Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, wenyeji wakiwa washiriki wa uchunguzi na si vyombo vyake. Namna hii ya kuchunguza pamoja na watu ilipata sehemu kubwa ya malezi yake hapa kwetu. Leo twaletewa kutoka nje kama mgeni, katika semina, na twapewa cheti cha kuhudhuria.

Hoja ya tatu naiheshimu. Husema kwamba mchunguzi si serikali. Hawezi kuchimba kisima wala kujenga bweni, na kumbebesha mzigo huo ni kumwonea. Ni kweli. Lakini tufikiri ni nani leo anayepata matokeo. Huyapata chuo, huyapata mfadhili, na pengine huyapata wizara, ambayo ina kabati zake pia. Diwani huyasikia kwa kubahatisha. Mwananchi wa Ilembo akienda katika mkutano wa kata kudai maji huenda na malalamiko tu, na malalamiko hujibiwa kwa ahadi. Akienda na kijitabu chenye sahihi ya chuo kikuu, kinachoeleza kwamba visima kadhaa vimepimwa na kadhaa vimekutwa vibovu kwa sababu hii na hii, ni vigumu zaidi kumjibu kwa ahadi. Kisima hatachimba mchunguzi. Lakini hoja ya kisima imo mkobani mwake, na ameondoka nayo.

Ya nne haisemwi hadharani, nami nitaisema kwa kuwa naijua kutoka ndani. Ni cheo. Mwalimu wa chuo hupandishwa kwa makala yaliyotoka katika majarida yanayotambuliwa, na yanayotambuliwa zaidi ni ya mbali. Kijitabu cha Kiswahili kilichosomwa chini ya mwembe hakina alama. Nilipouliza katika kikao kimoja kama kingeweza kuhesabiwa, nilijibiwa kwa upole kwamba kazi za namna hiyo huandikwa chini ya kichwa cha huduma kwa jamii, pamoja na kuhudhuria harusi na mazishi, nadhani. (Makala haya unayoyasoma, msomaji, yatanipa alama. Ilembo hawatayaona, isipokuwa nikiyapeleka mwenyewe, na najua uzuri wa kichekesho hicho.) Maadamu cheo hulipwa hivyo, kuhubiria mioyo ya watu ni kupoteza pumzi. Vijana wetu wa uzamili wana njaa ya kazi. Watafanya kile kinacholipwa.

Kwa hiyo nataka kanuni, sitaki huruma. Chuo kisimpe mtu shahada kwa uchunguzi uliofanywa mahali penye watu mpaka awe ameandika matokeo yake kwa Kiswahili kinachosomeka, ayasome mbele ya watu wale wale waliotia sahihi, na yale watakayoyasahihisha ayaandike ndani ya tasnifu yake, pamoja na yale ambayo hakubaliani nayo. Mgeni apewaye kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia apewe kwa sharti hilo hilo. Gharama yake ni nauli ya safari moja na karatasi chache. Wafadhili wetu hulipa zaidi ya hapo kwa chai ya mkutano mmoja. Na maswali yenyewe yasipangwe yote kabla ya mchunguzi kushuka katika basi. Sidai kila mwanachuoni awe kama Adrien Atiman, yule aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa pwani ile ya Tanganyika hadi kufa kwake mwaka 1956. Miaka 67 ni mingi. Naomba siku tatu.

Na jambo hili lina haraka, kwa sababu vyuo vyenyewe sasa vyaja Katavi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimeweka kampasi ya Mizengo Pinda huko Kibaoni, na moja ya elimu zinazosomeshwa huko ni elimu ya nyuki. Habari hii imenifurahisha kuliko nyingi nilizozisikia. Dunia nzima ya wataalamu wa mimea huuita msitu wetu kwa jina la miyombo, neno waliloliokota katika vinywa vya wazee wa nchi hizi na kulitia katika vitabu vyao pasipo kulipia. Sasa kijana wa Inyonga, ambaye babu yake alitundika mizinga ya magome katika msitu huo maisha yake yote, atafundishwa nyuki kwa Kiingereza, atachunguza nyuki wa babu yake na kuandika kwa Kiingereza, na babu hataweza kumwambia hapa umepatia na hapa umekosea. Kampasi ikiwa karibu hivyo, na babu akawa mbali vile vile, tutakuwa tumejenga nini?

Nasema juu ya kukosea kwa sababu nimejaribu dawa yangu mwenyewe kabla ya kuwaandikia wengine. Baada ya siku ile ya mfuko wa nailoni niliifupisha tasnifu yangu ikawa kurasa kumi na nane, nikarudi Ilembo wakati wa likizo iliyofuata, na mwenyekiti wa mtaa akaniitia watu. Walikuja thelathini na mmoja. Nilisoma kwa muda wa saa moja na nusu, na bibi aliketi mbele, karatasi yake ya ridhaa mapajani.

Katika sura ya nne nilikuwa nimeeleza maneno yatumikayo Mpanda katika habari za ardhi, na nilisema kwamba kukodi shamba na kuazima shamba ni maneno mawili ya maana moja, tofauti yakiwa ni mazoea ya msemaji. Niliweka na jedwali. Mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Hapo, mwalimu, samahani." Akaeleza. Anayekodi hutoa fedha kabla ya kulima, mbele ya shahidi, na mpaka atakapovuna hapana wa kumtoa. Anayeazima hatoi fedha. Hutoa magunia baada ya mavuno kwa kadiri ya shukrani, na mwenye shamba akitaka shamba lake, hata mahindi yakiwa magotini, hulichukua. Wahamiaji wengi huazima. Wajane huazima. Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto akaongeza, "Mimi tangu mwenzangu afariki naazima tu. Anayekodi hulala usingizi."

Watahini wangu wanne walikuwa wameipitisha sura ile, na mmoja aliisifu. Mtu yeyote aliyetaka kujua hali ya ardhi ya Mpanda kwa kusoma tasnifu yangu angedhani kwamba yule mama na mwenye kukodi wako salama sawasawa, kwa sababu mimi, daktari wa Kiswahili, nilisema hivyo.

Nilisahihisha pale pale kwa kalamu, katika nakala yangu. Nakala iliyo katika maktaba ya chuo ina kosa lile lile hadi leo. Nimeandika barua mbili kuomba ukurasa mmoja ubadilishwe, na nimejibiwa kwamba tasnifu ikisha kukubaliwa haiguswi.